Asiye na Maslahi

Tangu nyumba itangazwe kuwa inauzwa, Kiguu alikuwa roho juu juu na miguu mbioni. Waliomjua hawakushangaa, maana hata kabla ya hapo hakuwa mtu wa kukaa. Jina lenyewe lilitokana na kiguu na njia: utotoni ukimtuma dukani keshafika, usipomtuma anajituma mwenyewe, na ukimwambia kaa ule anakuuliza kama maji yamechotwa. Watu wakaona maneno ni marefu, wakayakata, likabaki Kiguu. Akakua nalo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na ushei, fundi wa mapazia mwenye cherehani yake katika chumba cha nyuma, na mtaa mzima hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kutisha. Vyumba vinne, korido ndefu, baraza la saruji lililong'aa kwa kupigwa deki, jiko, na hicho chumba cha nyuma kilichopakana na jiko. Baba mwenye nyumba alifariki zamani. Mama alimfuata mwaka uliopita, baada ya kulala kitandani muda mrefu akigeuzwa, akioshwa na kulishwa na Kiguu. Msiba ulipopoa, watoto wakakaa kikao na kukubaliana kuuza, kila mtu apate chake.

Mkubwa wao aliitwa Breki, kwanza kwa sababu aliendesha malori maisha yake yote, na pili kwa sababu maneno yake yalikuwa na tabia ya kusimama njiani kabla ya kufika. Mahakama ilimthibitisha yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Wa pili alikuwa Nesi, na kazi yake ndiyo hiyo hiyo, katika zahanati upande wa pili wa mji. Wa mwisho ni Kitinda, kitinda mimba, mwanamume mwenye ndevu na duka la simu ambaye kwao bado alikuwa mtoto. Wote watatu walikuwa na makazi yao. Ndiyo maana walipogawana shughuli za kuuza, shughuli zote zilimwangukia Kiguu. Kitinda alimwambia, "Wewe si upo hapo hapo, dada?" akakabidhiwa funguo, wanunuzi na safari za kwa wakili.

Hakuna aliyemwambia nyumba ikishauzwa yeye ataenda wapi. Naye hakuuliza.

Tuelewane mapema, msije mkamdhania vibaya. Kiguu hakuwa akihangaikia paa. Chumba cha kupanga angekipata, na maadamu watu wana madirisha na majirani wana macho, fundi wa mapazia halali njaa. Kilichomkosesha usingizi ni jambo jingine, na alilijua kwa jina lake. Mama yule hakumzaa. Kiguu alikuwa binti wa mdogo wake Baba. Mama yake mzazi alifariki, baba yake mzazi akaenda kutafuta kazi mbali, barua zikawa chache, kisha zikakoma, na mtoto akabaki kwa baba mkubwa na mama mkubwa, ambao tangu siku ya kwanza aliwaita Baba na Mama, wakaitika. Hakuna aliyewahi kumwita binamu ndani ya nyumba ile. Sasa nyumba inauzwa, watoto watahesabiwa, na Kiguu alitaka kujua kitu kimoja tu: siku ya kuhesabu, yumo au hayumo.

Kuna kisa ambacho familia ilikisimulia miaka nenda miaka rudi, na kila mara kiliwavunja mbavu. Siku chache baada ya mtoto kuletwa, jirani mmoja alipita, akamkuta amekaa barazani na kifurushi chake mapajani, akatania: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu wazima wakacheka, mambo yakaisha. Kesho yake asubuhi Mama aliamka akamkuta yule mtoto uani, amelikumbatia jembe linalomzidi kimo, anakwangua ardhi. Walicheka hadi machozi. Kiguu naye alikua akikicheka kisa hicho pamoja nao, lakini ukimtazama vizuri utaona kwamba lile jembe hakuwahi kuliweka chini.

Mama alikuwa na neno lake la kumsifia mbele ya wageni. "Mtoto huyu hana maslahi," alikuwa akisema. Alimaanisha kwamba hafanyi jambo kwa kutazamia malipo, si kama watu wengine ambao hata salamu zao zina bei. Kiguu alilipenda neno hilo kupita zawadi yoyote aliyopewa. Kila alipolisikia alinyanyuka akatafuta kitu cha kufanya, kusudi lizidi kuwa kweli.

Wanunuzi waliokuja na nia walikuwa mwalimu wa hesabu na mumewe. Mume alikuwa mtu wa kutikisa kichwa. Mwalimu ndiye aliyeuliza, na aliuliza kama anayesahihisha daftari, swali hili likishapata alama anahamia jingine. Lile tangi la maji juu ya mnara linabaki au linaondoka? Na mapangaboi? Na mlango wa chuma wa mbele? Na haya mapazia mazuri? Ukuta wa pembeni ni wa nyumba hii au wa jirani? Kiguu alikuwa mbele yao kila chumba, anafungua madirisha kabla hawajaomba, na alipokuwa hana jibu alisema nitauliza, kisha kweli akaenda kuuliza. Hata kandambili zake zilikuwa zimechoka na mauzo hayo.

Wakili alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye ofisi ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Alimweleza kwamba watu wengi hugombana kwa vitu hivyo siku ya kuhama, na kwamba dawa yake ni ndogo: kilichofungwa kwenye nyumba ni cha nyumba, kinachoinuliwa kwa mkono ni cha mtu, na mkishaanza kubishana kiandikeni kwenye mkataba. Kwa hiyo tangi linabaki. Mapangaboi na mlango vinabaki. Vyuma vya mapazia, kwa kuwa vimepigiliwa ukutani, vinabaki, ila mapazia yenyewe mwenyewe anayachukua. Kuhusu ukuta, ni wa pamoja na jirani, na ukianguka wanajenga wote. Kiguu alirudi nyumbani akiyakariri yote njiani asije akasahau, na alipofika getini akajikuta anajiuliza yeye ni chuma au pazia. Wazo hilo lilimuudhi, akaingia ndani akapiga deki baraza ambalo lilikuwa safi.

Suala la korido ndilo lililoleta vita. Bati la juu ya korido lilikuwa na tundu, na mvua ikinyesha sana Kiguu alikuwa akitega beseni. Kitinda alikuwapo siku mwalimu alipokuja mara ya pili, na juu hapakuwa na wingu. Mwalimu akauliza kama nyumba inavuja. Kitinda akakohoa. Kiguu akasema ndiyo, inavuja pale, na beseni lenyewe lile pale nyuma ya mlango.

Wageni walipoondoka Kitinda alimwakia kweli kweli. Funika kombe mwanaharamu apite, alimwambia, hujawahi kulisikia hilo? Kwani jua linawaka, aliyekuomba uite mvua ni nani? Kiguu akaenda kwa wakili kuuliza kama amekosea. Wakili akasema hakukosea hata kidogo. Muuzaji anayejua ubovu akaulizwa akauficha, ubovu huo humrudia baadaye na gharama juu. Mwambieni mnunuzi, mpatane nani atatengeneza, mlale usingizi. Wakapatana kweli, bati litatengenezwa kabla ya makabidhiano, na mwalimu akalipa arubuni. Kitinda alitaka arubuni hiyo ikae kwake kwa usalama. Wakili alitabasamu akasema itakaa kwake yeye, kwa usalama zaidi.

Ni siku hiyo ya arubuni wakili alipovaa miwani na kuuliza lile swali. Msimamizi wa mirathi, alisema, amewataja warithi watatu. Yeye alitaka tu kujihakikishia kwamba hakuna mwingine. Mauzo mengi ya nyumba za urithi hufia hapo: watu wamekwisha kulipana, wamehamia, wamepaka rangi, mara anatokea mtu na kusema na mimi nimo.

"Hakuna mwingine, eti?" aliuliza.

Kiguu, aliyekuwa na jibu la tangi na la ukuta na la bati, alisimama pale na kuangalia feni ya mezani ikigeuza shingo.

"Nitawauliza," akasema.

Akaanza na Kitinda, kwa simu, maana alikuwa rahisi kupatikana na mdomo wake haujui kusubiri. Kitinda alikuwa na mteja dukani. "Si watatu, dada," alisema. "Mbona unauliza kitu unachokijua?" Kiguu alibaki ameshika simu muda mrefu baada ya kukatika. Neno watatu na neno dada yalikuwa yametoka katika pumzi moja, na Kitinda wa watu hakuona kasoro yoyote.

Kwa Nesi alikwenda mwenyewe. Alimkuta zahanati, siku ya chanjo, kina mama wamejaa kwenye mabenchi na watoto wanalia kwa zamu. Nesi akamwonyesha kiti. Kiguu hakukaa, alipanga kadi zilizokuwa zimetawanyika mezani, akamsogeza mtoto mmoja aliyekuwa karibu kudondoka benchi, kisha akauliza huku akiangalia pembeni, kama anayeulizia bei ya kitu asichonuia kununua. Wakili anataka kujua watoto wa nyumba ile ni wangapi.

Nesi aliacha sindano kwenye sahani. "Kwa sheria au kwa nyumbani?"

"Kwani ni hesabu mbili?"

Nesi aligeukia mabenchi. Akamwita mama aliyefuata, akampima mtoto, akaandika kwenye kadi, akaandika tena palepale alipokuwa ameandika. Mwishowe alisema kwa sauti ya chini, "Usinitie kwenye mtihani huu, mdogo wangu. Muulize kaka." Na Breki alipopigiwa, aliguna, akasema watazungumza hukohuko kwa wakili, maneno yakasimama njiani kama kawaida yake.

Kiguu akarudi kwa wakili akamwambia wamesema ni haohao. Hakusema uongo na hakusema kweli. Kisha akashuka ngazi haraka, akaenda mbio hadi nyumbani utadhani ameacha jiko linawaka.

Siku zilizofuata hakuna aliyeweza kukaa naye. Aliyashusha mapazia yote, kwa kuwa ni yake, akaona madirisha yanamkodolea macho, akayarudisha. Akaosha kuta ambazo wiki chache zijazo zingekuwa za mtu mwingine. Wateja wake walipewa mapazia yaliyopinda upindo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Usiku alihamisha cherehani kutoka ukuta huu kwenda ule, na asubuhi akairudisha. Alijisema kwa ukali: ungekuwa unataka fungu ungedai, na usipotaka fungu unahangaika na nini? Alikuwa akijua anahangaika na nini, ila kuna kitu huwezi kukiomba. Mtu akikuita mtoto wake kwa sababu umemwomba, inakuwa umejiita mwenyewe.

Siku ya kutia sahihi ilifika. Ofisi ya wakili ilikuwa na viti sita vilivyopangwa mbele ya meza. Mwalimu na mumewe walikalia viwili vya dirishani. Breki, Nesi na Kitinda wakakaa kwa kufuatana, kama walivyozaliwa. Kiti cha sita kilibaki kitupu kati ya Nesi na Kitinda. Kiguu alisimama mlangoni na mtungo wa funguo mkononi, funguo zote kazifunga vitambaa vya rangi tofauti ili wenye nyumba wapya wasisumbuke: chekundu cha geti, cha buluu cha jiko, na cheupe cha chumba cha nyuma.

Wakili alisoma mkataba kwa sauti, pole pole. Nyumba na vilivyofungwa humo. Ukuta wa pamoja. Bati la korido limetengenezwa na wanunuzi wameliona. Wauzaji, watoto watatu wa marehemu, kwa mkono wa msimamizi wao. Kiguu alisikia neno lile watatu likipita kama gari lisilosimama kituoni. Hakuna aliyegeuka.

Wakili akasema kilichobaki ni shahidi wa upande wa wauzaji. Watu wakatazamana, maana walikuwa wamesahau kumleta. Breki akajikohoza.

"Huyu," alisema, akimnyooshea Kiguu kidole bila kumtazama usoni. "Huyu ndiye anayeijua nyumba kuliko sisi. Awe shahidi huyu."

Tusimwonee Breki. Alisema kwa nia njema, na ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu. Kwa dakika moja Kiguu alifurahi kweli. Jina lake litakuwapo kwenye karatasi, chini, lakini litakuwapo. Alisogea mezani, akaweka funguo, akapokea kalamu.

"Kuna swali moja ninalopaswa kumuuliza kila shahidi," wakili akasema. "Shahidi lazima awe mtu asiye na maslahi yoyote katika mali inayouzwa. Je, mama, wewe una maslahi katika nyumba hii?"

Kitinda akacheka kabla Kiguu hajapumua. "Huyu? Huyu hana maslahi kabisa. Mama mwenyewe alikuwa akisema. Ndiyo maana tunampenda."

Wote wakatabasamu, hata mume wa mwalimu. Ni kweli, Mama alikuwa akisema. Kiguu alilisikia neno lile la sifa, neno lake, likiwa limekaa mezani, linamngojea aliokote kama alivyoliokota maisha yake yote. Kusema sina ilikuwa rahisi. Ni neno moja, sahihi moja, kila mtu aende zake. Na kusema ninayo ni kujitukana, kwa sababu mtu mwenye maslahi kila anayejua Kiswahili anamjua: ni yule aliyekuja msibani kuhesabu sahani. Alitazama kalamu. Miguu yake ilimwambia twende, kuna mahali umesahau kwenda. Safari hii hakuisikiliza.

"Ninayo," akasema.

Wakili akainua uso.

"Nina maslahi," Kiguu akarudia, "na sitaki kumnyima mtu chake. Lakini siwezi kutia sahihi kwamba nyumba ile hainihusu. Wewe mwenyewe ulisema tusifiche hata tundu la bati."

Kitinda aligeuka na kiti chake. "Kumbe na wewe unafuata maslahi," alisema, na safari hii hakuwa anacheka.

"Ndiyo. Leo nayafuata."

Mwalimu alimtazama mumewe, mumewe hakutikisa kichwa upande wowote. Wakili akafunga kalamu yake kwa kifuniko, akaeleza kwa utulivu uleule wa siku zote kwamba yeye hasemi Kiguu ana haki kwenye nyumba, wala hasemi hana. Mtu aliyelelewa na marehemu kama mtoto wake ana pa kwenda kusikilizwa, na majibu hutofautiana. Alilotaka waelewe ni dogo tu: amekwisha kusikia, na wakili akishasikia hawezi kujifanya hakusikia. Kisha akamgeukia msimamizi wa mirathi.

"Watoto wa marehemu ni wangapi?"

Breki alitazama mikono yake mikubwa. "Kule mahakamani," alisema, "waliuliza waliozaliwa." Akasimama hapo. Ungeweza kuona sentensi nzima imekwama shingoni mwake, na jasho linamtoka akiisukuma.

Aliyejibu ni Nesi. Hakuwa ameangalia mtu yeyote tangu aingie, na sasa alimwangalia wakili usoni.

"Wanne."

"Kwa vyeti?" wakili akauliza.

"Kwa nyumbani," Nesi akasema. "Kwani hapa tunauza nini, si nyumba?"

"Wanne," Breki naye akasema, na neno lilitoka lote bila kusimama popote.

Kitinda aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na deni la mzigo wa simu na alikuwa amekwisha kulilipa kichwani mwake kwa fedha ya nyumba. Lazima naye tumhurumie. Akauliza kwa uchungu kama basi yeye ndiye mbaya. Nesi akamuuliza naye swali moja tu, kwamba mgongo aliolelewa juu yake ulikuwa wa nani. Kitinda akakigeuza kiti chake, kikarudi kilivyokuwa. Haukuwa wa Mama mgongo ule, Mama siku hizo alikuwa akimuuguza mumewe. Ulikuwa wa msichana mwembamba ambaye hakujua kukaa.

Wakili akawaeleza mbele ya wanunuzi, asiwepo wa kusema hakuelewa. Leo hakuna kutia sahihi. Ndugu watatu wataandika tamko kwamba wanamtambua wa nne na kwamba watagawana naye, tamko litapelekwa mahakamani, ndipo mkataba uandikwe upya. Itachukua muda. Mwalimu akauliza lililo la haki yake kuuliza: na arubuni yetu? Wakili akajibu kwamba ipo kwake, haijaguswa, na wakichoka kungoja watarudishiwa yote kwa kuwa aliyechelewesha ni muuzaji.

Mwalimu alifikiri. "Huyu ndiye aliyetuambia korido inavuja," akamwambia mumewe. Kisha akawageukia wengine. "Tutangoja. Ila si milele."

Kiguu alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya funguo. Hakulia, ingawa Nesi alikuwa analia waziwazi na kupangusa pua kwa kiganja, mtu mzima na kazi yake. Kiguu alijisikia mwepesi na mchovu kwa pamoja, uchovu wa miaka, ule unaoanzia nyayoni. Akakiona kiti cha sita. Akakivuta, akakaa.

Wakili akasema ili aanze kuandaa tamko anahitaji nakala za vitambulisho vya watoto wote, na mashine yake imeharibika, iliyopo iko ng'ambo ya barabara. Nani atamtolea?

Breki, Nesi na Kitinda wakageuka kumtazama Kiguu. Hawakukusudia, shingo zilijigeukia zenyewe, kwa mazoea. Naye Kiguu, kwa mazoea yaleyale, alikwisha kuinua kisigino. Akakirudisha chini. Akaegemea kiti.

Katika nyumba yoyote anayetumwa ni mdogo, na mdogo wa nyumba ile alikuwa ameponea mgongoni mwa dada yake kwa miaka arobaini. Kitinda akakuna ndevu. Akasimama, akakusanya kitambulisho cha Breki, akachukua cha Nesi, akaweka na chake, akaja hadi kwenye kiti cha sita na kunyoosha mkono.

"Lete, dada," akasema.

Kiguu akafungua mkoba wake, akatoa kitambulisho, akampa.